Kioo cha Motokari Wakati wa Mvua

Barabara itokayo Baraka kwenda Fizi huanza chini, kando ya ziwa Tanganyika, penye mchanga na michikichi. Kisha huliacha ziwa nyuma na kupanda milimani. Maji ya ziwa yako yapata mita 770 juu ya bahari. Fizi iko juu zaidi, na mtu aliyetoka jasho asubuhi sokoni Baraka hutafuta koti lake akifika huko. Tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tano ni majira ya mvua. Hapo udongo hugeuka matope, vijito vitokavyo milimani hujaa, na pengine wingu hushuka barabarani hata mchana ukafanana na jioni.

Siku hizi wapitao njia kama hiyo ni hasa watu wa pikipiki na wa Land Cruiser. Lakini motokari za zamani hazijaisha. Bado ziko Land Rover na kamioneti za miaka ya 1950 na 1960 ambazo wenyewe huzitunza kama mvuvi atunzavyo mtumbwi wake. Motokari hizo ni imara, na fundi wa kijijini huweza kuzitengeneza kwa nyundo na waya. Udhaifu wao mmoja huonekana wakati wa mvua: kioo cha mbele, ambacho mashofere hukiita parabrizi, hupata giza upesi, na kifaa cha kukipangusa hakina nguvu kama kile cha motokari mpya.

Pengine mwanafunzi ataona hilo ni jambo dogo. Basi na afanye hesabu. Motokari ikienda kilomita 36 kwa saa, hiyo ni mita 36,000 kwa sekunde 3,600, yaani mita 10 kila sekunde. Kipangusio kikikawia sekunde 3 kabla ya kurudi, motokari imekwisha kwenda mita 30, na shofere wake ni kama kipofu. Katika mita 30 huweza kuwa na mbuzi, au shimo, au mtu.

Kioo hupata giza kwa njia tatu: maji yaangukayo nje, mafuta na uchafu ulioshikamana na kioo chenyewe, na pumzi za watu walio ndani. Watu wengi huifikiri ile ya kwanza tu. Shofere mzuri huanza na ile ya pili, tena kabla mvua haijanyesha.

Siku moja ya soko kamioneti ya Kimarekani ya miaka ya 1950 ilikuwa ikipakia mizigo Baraka: magunia ya chumvi, masanduku ya sabuni, madebe ya mawese, na ndakala zilizokaushwa. Shofere alikuwa mzee wa kazi. Msaidizi wake alikuwa kijana aliyeanza kazi juma lile lile. Kijana aliona mawingu meusi upande wa Ubwari, akajua kwamba mvua yaja. Akachukua kitambaa kilichokuwa chini ya kiti, akaanza kufuta kioo kwa bidii. Shofere alipomwona akaita:

« Ee kijana! Kitambaa hicho umekitoa wapi? »

« Chini ya kiti, Papa. Ni kile cha kupimia mafuta ya moteri. »

« Basi umekipaka kioo mafuta. Ungekiacha na vumbi lake ingalikuwa afadhali. »

« Lakini chang'aa, Papa. »

« Chang'aa kwa sababu mvua haijafika. Lete maji na sabuni. »

Wakaosha kioo mara mbili kwa sabuni, wakakisuuza kwa maji safi mpaka povu likaisha lote. Wakakikausha kwa kitambaa kilichofuliwa, kisha wakakisugua kwa karatasi ya gazeti iliyofinyangwa. Shofere hakuridhika. Akainua kipangusio, akapitisha kitambaa chenye maji juu ya mpira wake. Kitambaa kikatoka cheusi kama masizi. Halafu akamwambia kijana aingie ndani akaoshe na upande wa pili wa kioo. Wasafiri walikuwa wamekwisha kupanda. Mama mmoja mwenye ndakala alinung'unika kwamba wanaume hawa waiosha motokari saa ya kuondoka, kama bibi arusi.

Sababu ya kazi ile yote huonekana kwa jaribio jepesi. Twaa vipande viwili vya kioo. Kimoja kioshe kwa sabuni na ukisuuze vizuri. Cha pili kipake mawese kidogo sana kwa ncha ya kidole, kisha ukifute kwa kitambaa kikavu mpaka usione mafuta tena. Visimamishe vyote viwili na uvinyunyizie maji. Juu ya kioo safi maji hutandaa kama nguo nyembamba na kutelemka. Kwa nyuma yake waweza kuona mti au mlango bila taabu. Juu ya kile cha pili maji husimama matone matone, kama yafanyavyo juu ya jani la mgomba.

Sasa sogeza jicho karibu na tone moja. Utaona ndani yake picha ndogo ya mambo yaliyo mbele yako, nayo imepinduka, mbingu chini na ardhi juu. Kila tone hupinda nuru na kuitupa pande nyingine. Kioo chenye matone elfu ni sawa na kuweka mbele ya macho ya shofere vioo vidogo elfu, kila kimoja kikimwonyesha dunia iliyopinduka. Usiku ni vibaya zaidi: taa ya pikipiki ijayo huingia katika matone yote pamoja, na shofere haoni ila mng'ao.

Mafuta hayo hutoka wapi? Mengine hutoka kwenye moshi wa motokari zilizotangulia. Mengine hutoka mikononi mwa watu. Katika nchi ya michikichi kila apakiaye mizigo ana mawese viganjani, na kila apandaye hushika kioo. Wako mashofere wanaofuta kioo kwa petroli ya taa wakidhani ndiyo dawa ya uchafu. Petroli huondoa lami na wadudu, ni kweli, lakini huacha mafuta yake yenyewe, tena huharibu mpira. Baada yake sharti sabuni.

Mvua iliikuta ile kamioneti ilipoanza kupanda mlima. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri: kioo kilikuwa safi, na kipangusio kilikwenda huku na huku kama mtu apungaye mkono. Lakini mlima ulipozidi kusimama, kipangusio kikalegea. Kikapanda polepole, kikakaa kidogo, kikashuka kama mtu mwenye usingizi.

« Papa, esuiglasi inakufa! » akasema kijana.

Shofere akainua mguu kidogo kutoka kwenye kikanyagio cha esanse. Mara ile kipangusio kikaruka, kikapita mara mbili upesi. Akakanyaga tena; kikalegea tena. Kijana alistaajabu.

Huu haukuwa uchawi. Katika motokari nyingi za zamani, hasa za Kimarekani, kipangusio hakiendeshwi kwa umeme wa batri bali kwa mvuto wa hewa. Moteri ya esanse huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi, na katika njia ya hewa hiyo uko mlango mdogo unaofuata mguu wa shofere. Akiinua mguu, mlango karibu hufungwa; moteri yataka hewa wala haiipati, basi hufyonza kwa nguvu. Mrija wa mpira hutoka katika njia ile mpaka kwenye kipangusio, na nguvu ya kufyonza ndiyo ikiendeshayo. Shofere akikanyaga sana, mlango hufunguka, hewa huingia tele, na nguvu ile hupungua karibu kwisha.

Mtoto anaweza kulijaribu jambo hili kwa bua la jani la mpapai, kwa kuwa lina tundu katikati. Tia ncha moja kinywani, ziba ncha ya pili kwa kidole, kisha uvute: kidole hushikwa. Ondoa kidole na uvute tena: wapata hewa tu, na hakuna kitu kinachoshikwa. Mlango wa moteri ni kama kidole kile.

Ndiyo maana kipangusio cha namna hii hukimbia motokari inaposhuka, na hulala inapopanda. Kwa bahati mbaya ni kupanda ndiko kunakompa shofere kazi nyingi kwenye utelezi. Zaidi ya hayo mrija ule wa mpira huzeeka na kupasuka, ukaingiza hewa kando. Mara nyingi watu hununua kipangusio kipya kwa fedha nyingi, kumbe kosa lilikuwa katika mrija wa bei ndogo. Shofere mwenye akili husimamisha motokari huku moteri ikienda, huinamisha sikio, na kusikiliza kama mrija unalia kama nyoka.

Turudi mlimani. Mahali pamoja ile hila ya kuinua mguu haikutosha tena. Shofere akiinua, motokari ilitaka kusimama. Akikanyaga, hakuona kitu. Akatafuta mahali pagumu kando ya njia, akasimama, akaacha taa zikiwaka. Kijana akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

« Papa shofere, tutalala hapa? » akauliza yule mama. « Ndakala zangu zitalowa, nani atazinunua? »

« Mama, zimefunikwa kwa bashi. Tungoje kidogo. »

« Jana motokari nyingine ilipita katika mvua kama hii. »

« Ilipita, mama. Mimi sioni. »

Wakangoja. Mvua ilipiga bati la kamioneti hata watu wakashindwa kusikilizana. Zikapita dakika kumi, labda zaidi. Ndipo kijana, aliyekuwa akifuta kioo kwa mkono kutoka dirishani, alipoona kitu cha kijani kikishuka katikati ya njia. Lilikuwa jani la mgomba. Chini yake walikuwa watoto wawili wa shule, wameinamisha vichwa, wakifuata alama za magurudumu kwa sababu pembeni majani na maji yalikuwa mengi. Hawakuona taa, wala hawakusikia moteri kwa kishindo cha mvua. Walikuja moja kwa moja mpaka jani likagusa pua ya motokari, ndipo waliposhtuka na kuruka kando.

Yule mama akawaita, akawauliza baba yao ni nani na wanakwenda mpaka wapi. Juu ya ndakala hakusema tena.

Mvua ilipopungua kamioneti iliendelea, na sasa shida ya tatu ikaanza. Hewa ilikuwa baridi, maana kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa yapata digri 6. Ndani ya kamioneti walikaa watu watatu wenye nguo zilizolowa, madirisha yamefungwa. Kioo kikawa cheupe kama maziwa. Kijana akakisugua kwa kiganja. Kikaonekana kidogo, kisha kikawa cheupe tena, tena sasa kikiwa na michirizi.

Pumzi ya mtu ina mvuke wa maji. Mvuke huo ukigusa kitu cha baridi hugeuka matone madogo sana, kama yale yaonekanayo nje ya chupa iliyotolewa katika maji ya baridi. Kwa hiyo ukungu huo hauko nje, na kipangusio kingefanya kazi mpaka usiku bila kuuondoa. Dawa yake ni hewa. Shofere alifungua dirisha la kwake na la upande wa pili kiasi cha vidole vitatu. Baridi ikaingia, na matone machache ya mvua pia, lakini baada ya muda kioo kikafunguka. Watu hawapendi dawa hii kwa sababu hulowesha bega.

Watengenezaji wa zamani walilifahamu jambo hilo. Jeep ya wakati wa vita kuu ya pili ilikuwa na kioo kinachoweza kufunguliwa na hata kulazwa chote juu ya boneti. Land Rover nyingi za zamani zina milango miwili midogo chini ya kioo, ambayo shofere huifungua kwa mkono ili upepo wa mbele uingie. Volkswagen ndogo ya nyuma-mviringo huleta hewa iliyopata joto kwenye moteri mpaka kwenye kioo, lakini mabomba yake yakishikwa na kutu haileti kitu. Mashofere wengine hupaka upande wa ndani sabuni kavu kidogo, kisha huifuta kwa kitambaa laini mpaka isionekane. Sabuni ile hufanya mvuke utandae badala ya kuwa matone. Ni hila nzuri, ila haidumu zaidi ya siku chache.

Kwa upande wa nje ziko dawa za wazee: nusu ya kiazi ulaya, au tumbaku iliyoloweshwa, kusugua kioo kipangusio kinapokufa. Nazo hufanya kazi kama sabuni, yaani huyatandaza maji. Mvua kubwa huziosha upesi, basi zafaa kumfikisha mtu kijiji cha mbele tu. Tangu miaka ya 1970 zimeuzwa pia dawa za kisasa zinazofanya kinyume: hufanya maji yawe matone kabisa ili upepo uyafukuze. Katika barabara kuu za Ulaya hufaa sana. Lakini upepo hauna nguvu ya kuyafukuza matone kabla motokari haijafika yapata kilomita 60 kwa saa. Mlimani, penye kilomita 20, matone hukaa pale pale na kumtazama shofere. Kwa mwendo wa polepole kioo kilichooshwa vizuri ni bora kuliko kilichopakwa dawa ya fedha nyingi.

Na kipangusio chenyewe, nani alikifikiri kwanza? Mmoja wa watu wa kwanza alikuwa mwanamke wa Marekani, Mary Anderson wa Alabama. Alisafiri mpaka New York wakati wa baridi, akaona jinsi dereva wa tramu alivyoteseka kwa theluji na mvua juu ya kioo. Akabuni mkono wenye mpira, unaogeuzwa kutoka ndani kwa mpini, na mwaka 1903 serikali ikampa hati ya uvumbuzi wake. Hakuna kiwanda kilichotaka kuununua. Hati ikaisha muda wake baada ya miaka 17, wakati motokari zilipoanza kuwa nyingi, naye hakupata faida yoyote. Yapata mwaka 1917 mtu wa mji wa Buffalo, John Oishei, alimgonga mwenye baisikeli usiku wa mvua kwa kuwa hakumwona. Akaanzisha kiwanda cha vipangusio. Mwaka 1926 Bosch wa Ujerumani walitoa kipangusio cha umeme. Hata hivyo njia nyingine ziliendelea miaka mingi. Citroën 2CV ya kwanza, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948, kipangusio chake kiliendeshwa na waya ule ule unaozungusha saa ya mwendo: motokari ikienda polepole kinakwenda polepole, ikisimama kinasimama, na shofere hukizungusha kwa mkono.

Mpira wa kipangusio hauuawi na mvua, bali na jua. Motokari iliyowekwa mchana kutwa juani ufukoni Baraka, mpira wake hukauka na kupasuka kabla ya mvua ya kwanza. Kwa hiyo wakati wa kiangazi wenyewe huinua mkono wa kipangusio na kuweka kijiti chini yake, au huuvua mpira na kuuweka kivulini. Mpira ukikosekana, fundi hukata ukanda katika shambreri ya gurudumu. Hufaa, iwapo ameukata kwa wembe na ncha imenyoka. Akiukata kwa kisu butu huacha michirizi mahali pale pale macho yanapotazama. Na kioo kikiwa kikavu chenye vumbi, kipangusio kisiguswe kamwe. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga, na mchanga hukwaruza kioo. Kioo kilichokwaruzwa hakioshwi kwa sabuni wala kwa kiazi. Mwagia maji kwanza.

MAULIZO

1. Motokari yaenda kilomita 18 kwa saa. Kipangusio hukawia sekunde 4 kabla ya kurudi. Shofere amekwenda mita ngapi bila kuona vizuri?

2. Kamioneti ile ilipotoka Fizi kurudi Baraka, kipangusio chake kilikwenda namna gani? Eleza kwa nini.

3. Kioo kimekuwa cheupe. Utajuaje kwa kidole kimoja kama maji yako nje au ndani?

4. Fanya jaribio la vioo viwili. Badala ya mawese tumia jasho la paji la uso. Andika ulichoona.